Baiskeli Isiyoweza Kukata Kona

Ukiwa na penseli karibu, fanya jaribio dogo kabla ya kuendelea kusoma. Chora baiskeli bila kuangalia yoyote na bila kufungua simu. Usiogope, hakuna atakayekuona. Mimi nilikuwa na uhakika kabisa kwamba naweza. Nimekulia Busia, ambako baiskeli ziliwabeba watu hadi mpakani kabla ya pikipiki kuja. Nimekaa kwenye keria, nyuma ya mwendeshaji, nikiwa na sare ya shule, na nimekaa hapo nikiwa na mtoto mgongoni. Kama kuna kitu nilidhani nakijua, ni baiskeli.

Nilianza kuchora nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo ya malori yanayovuka, siku nyingine Busia, siku nyingine Malaba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kungoja. Mtandao ukikwama, tunakaa. Siku moja kule Malaba niligeuza fomu iliyoharibika nikachora lori lililokuwa nje ya dirisha. Likatokea mkate wenye magurudumu. Nilishangaa. Jicho langu lililiona lori vizuri, na mkono wangu hauna ugonjwa. Sasa lori lilipotelea wapi kati ya jicho na mkono? Sikutaka kuwa msanii. Nilitaka tu kujua lilipopotelea.

Kwa miezi mingi nilichora vikombe ambavyo visingeweza kusimama mezani na kuku wenye miguu ya viti. Nilifuta mpaka karatasi zikatoboka. Nilikuwa nazificha kwenye droo, chini ya mihuri.

Aliyenitoa mafichoni ni fundi wa baiskeli niliyesoma naye shule ya msingi. Barabara ilipopanuliwa, kibanda chake kilichokuwa kando ya lami kiliondolewa, akahamia nyuma ya maghala ya mahindi. Wateja wakampoteza. Nilipomtembelea asubuhi moja nilimkuta amekaa juu ya debe, mikono yake safi kabisa. Mikono safi kwa fundi wa baiskeli ni habari mbaya.

"Mwezi huu ukiisha hivi, nafunga," aliniambia. "Narudi Busibwabo kulima."

Alikuwa amepata bati jeupe, na mwenye ghala alimruhusu alitundike kwenye kona inayoonekana kutoka barabarani. Alitaka ichorwe baiskeli juu yake.

"Andika jina lako tu," nilimshauri.

"Mtu akiendesha hasomi, dada. Anaona. Na wengine wanatoka ng'ambo, Kiswahili wanasikia nusu."

"Basi nitakuchorea mimi," nikasema. Maneno yalitoka kabla sijayapima.

Jumapili baada ya kanisa nilikaa mezani nikachora kwa raha. Magurudumu mawili, kiti, usukani, pedeli, cheni, mabomba ya kuviunganisha. Niliweka hata kengele. Jumatatu nikampelekea. Waendeshaji wawili walikuwa wamejipumzisha kivulini pale, mmoja kijana wa hapa Busia, mwingine mtu mzima kutoka upande wa Tororo. Fundi aliishika karatasi mbali, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena.

"Dada, hii baiskeli iko mgonjwa."

"Wapi?"

"Kila mahali." Akaweka kidole. "Huyu akitaka kukata kona, atakata aje? Umefunga gurudumu la mbele na bomba la fremu. Itaenda tu mbele mpaka ipate ukuta."

Yule wa Tororo alinyoosha shingo. "Nyabo," aliniita, kama wanavyowaita akina mama kule kwao, "hiyo ni ya kwenda Kampala moja kwa moja. Haina haja ya kona."

"Na cheni imeenda gurudumu la mbele!" kijana akadakia. "Hii inavuta kama trekta!"

Walicheka mpaka nikacheka nao. Fundi pia alicheka, kisha akanirudishia karatasi.

"Nikitundika hii," alisema polepole, "watasema fundi mwenyewe hajui baiskeli. Afadhali bati likae tupu."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Kama umefanya lile jaribio nililokuomba, huenda na yako haikati kona. Usijilaumu. Sikuwa nimechora baiskeli, nilikuwa nimechora orodha ya majina. Kichwa kinajua kwamba baiskeli ina kiti na cheni, basi kinaharakisha kumaliza kazi kabla jicho halijaanza. Nadhani hata lile lori lilipotelea hapo.

Nikaomba kuchora baiskeli ya kweli. Pale kibandani palikuwa na moja tu, yake mwenyewe, na ilikuwa imepinduliwa jinsi mafundi wote wanavyofanya: kiti na usukani chini, magurudumu juu.

"Isimamishe basi," nikamwambia.

"Siwezi. Nimelegeza gurudumu la nyuma, litachomoka. Chora hivyo hivyo."

Nikakaa juu ya jiwe saa ya chakula cha mchana, nikiwa na kinyongo kidogo. Na hapo jambo la ajabu likatokea. Kwa kuwa imepinduka, majina yalinitoka. Sikuona kiti, niliona kitu cheusi chenye ncha kimelalia udongo. Sikuona fremu, niliona tobo kubwa la pembe tatu ambalo pembe yake moja imekatwa ncha, na nyuma yake tobo jingine la pembe tatu, dogo zaidi. Nikaacha mabomba, nikachora matobo, yaani ile nafasi tupu iliyo katikati. Nilipomaliza matobo, mabomba yalikuwa tayari yamejichora yenyewe pembezoni. Jaribu siku moja na kiti cha nyumbani kwako. Utashangaa.

Kisha nikaona kwamba gurudumu la mbele limeshikwa na uma wake peke yake. Halijaguswa na kitu kingine chochote.

"Ndiyo maana linageuka?" nikauliza.

Fundi alilisukuma kwa kidole, likaenda kushoto, likarudi kulia. "Sasa umeuliza kama mtu wa baiskeli."

Kazi hiyo ilinila saa ya chakula cha mchana kwa siku nne. Magurudumu yangu yalikuwa yanatoka mayai. Fundi alipoona nimefuta mara ya tano alinifungia penseli kwenye uzi, akashika ncha ya pili katikati ya karatasi.

"Huo ni wizi," nikamwambia.

"Rimu yenyewe ilitengenezwa na mashine. Zungusha."

Alhamisi nikageuza karatasi, magurudumu yakaja chini. Ilikuwa baiskeli. Haikuwa nzuri sana, pedeli moja ilikuwa nene kama kiatu, lakini ungeweza kuipanda. Fundi aliifuata kwa kidole kutoka usukani hadi cheni.

"Hii inakata kona," alisema. Kisha akaigeuza tena, magurudumu juu, akaitazama kwa muda mrefu. "Itakaa hivi."

"Hapana! Watu watasema nimekosea."

"Ikisimama ni ya kuuza. Mwenye duka la baiskeli ndiye atapata wateja wangu. Lakini ukiona baiskeli imelala hivi, iko wapi?"

"Kwa fundi," nikakubali, shingo upande. Nilikuwa nimetaabika mno kuipata baiskeli yangu isimame.

"Basi wacha waseme. Mtu hawezi kukuambia umekosea bila kusimama."

Jumamosi tuliichora kwa rangi nyeusi juu ya bati, tukaitundika, tukakaa kungoja. Baiskeli zilipita. Vichwa viligeuka. Mmoja alicheka akaenda zake. Fundi alipanga spana zake, akazipangua, akazipanga tena. Sikuthubutu kumwangalia usoni. Nilikuwa najiuliza kama nimemsindikiza rafiki yangu kwenye jembe kwa mchoro.

Hatimaye mwanamume mmoja alijitokeza kwenye kona ya ghala akisukuma baiskeli yenye makreti mawili ya nyanya.

"Boss, hiyo bati yenu mmetundika vibaya. Magurudumu yako juu."

"Kweli?" Fundi alikuwa ameshainama, anabonyeza tairi lake la nyuma. "Na hii imekufa lini?"

"Tangu Matayos natembea kwa mguu. Sikujua kama huku kuna fundi."

"Shusha mzigo."

Wakateremsha makreti. Fundi akaishika baiskeli kwa mikono miwili, akaipindua. Yule mtu akaitazama, akageuza kichwa kuelekea lile bati, akairudia baiskeli yake.

"Kumbe," alisema.

Nami nilikuwa nimeshatoa karatasi. Keria yake ilikuwa imeongezewa vyuma viwili vya kushikilia mzigo, na kati ya vyuma hivyo palikuwa na tobo la umbo ambalo sijawahi kuliona.

"Na huyu mama anaandika nini?" alimuuliza fundi. "Risiti?"

"Anachora baiskeli yako."

"Mwambie angoje pancha izibwe kwanza."