Kilio cha Odeta Mferejini

Siku Zakayo alipomwona Odeta kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amesimama ndani ya mfereji, maji yakimfika magotini, aking'oa kiroba cha mchanga. Mkulima mmoja alikuwa amekitegesha pale ili maji yote yageukie kwenye majaruba yake, na sasa alikuwa ukingoni akijitetea.

"Shemeji, mpunga wangu una kiu."

"Na wa wenzako kule chini unakunywa soda?"

Watu waliangua kicheko. Zakayo, aliyekuwa ametoka Ilembo kukodi shamba mkiani mwa mfereji, aliinamisha uso asionekane akitabasamu. Hakuwa mtu wa kusemasema. Lakini tangu siku ile maji yalifika shambani kwake, na alijua ni kwa ajili ya nani.

Odeta alizaliwa Katumba, kwa wazazi waliotoka Burundi. Kazi yake ilikuwa kugawa zamu za maji, na ujira wake ulikuwa majaruba kadhaa aliyopewa na kamati. Alikuwa mkali, mcheshi, na kuna jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha kamwe. Mtoto wa Bernadetha, mkulima mwenzao, alipozama mferejini, mama yake alilia, na watu mashambani wakabaki kuulizana kuna nini. Walipofika, walikuwa wamechelewa. Baada ya maziko Odeta aliwaweka watu chini wakapatana: ukisikia kilio mferejini, piga kelele jirani asikie, naye ampigie jirani yake, mpaka sauti imfikie mzee Severini kule juu kwenye banio, mto unakoingilia mferejini, afunge maji. Kisha wote mkimbie. Kuuliza baadaye.

Kisha wakaja vijana wa tamthilia kutoka Dar es Salaam. Walitaka mfereji uliojaa, wenye majani mabichi pande zote, wapige picha ya bibi harusi aliyezama. Mto waliuogopa kwa sababu ya mamba. Mwenyekiti wa kamati, Elias, alikubali, akamwachia Odeta awasimamie. Odeta aliwaambia wakulima wa karibu kwamba ni maigizo. Kule juu hakutuma mtu. Alikuwa amemsikia mwigizaji akifanya mazoezi ya kulia, na sauti yenyewe haikuvuka hata jaruba moja.

Mwongozaji naye hakuipenda sauti ile.

"Bidada, unalia kama una mafua," alisema. Akawageukia wanawake wa kijijini waliokuwa wakitazama. "Mama zangu, nyie hapa mnaliaje? Hebu tupeni kilio cha ukweli."

Wanawake walisukumana, wakacheka, kisha wakamsukuma Odeta mbele. Akafunga khanga kiunoni, akaweka mikono kichwani. "Mwana wanje! Mwana wanje weee!" Aliita 'mwanangu' kwa Kirundi, akilia kama walivyolia kwao Katumba, na wenzake wakaitikia, sauti ikavuka mpaka kwa wasioambiwa.

Zakayo alikuwa akipalilia aliposikia jirani yake akipiga kelele. Naye akapiga kelele, akakimbia na jembe mkononi. Alipofika alikuta wengine wanaingia kutoka kila upande, matope mpaka mapajani, Bernadetha akiwa mbele yao, hana viatu wala kitambaa kichwani.

"Kamera isizimwe!" mwongozaji alisema kwa furaha. "Hawa wanatisha! Endelea, endelea!"

Odeta alimwona Bernadetha, sauti ikamkatika. Zakayo hakuwaangalia tena watu. Aliangalia maji. Yalikuwa yanashuka.

Severini alikuwa amefunga, kama walivyopatana. Lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto umejaa. Maji yalipokosa njia yaliubomoa ukuta wa viroba uliokuwa ukiugeuzia mto kwenye banio, mto ukarudi kwenye mkondo wake wa zamani, na mfereji ukabaki tope. Mpunga ulikuwa unachanua. Walipomaliza kujenga upya, mkiani mashuke yalikuwa yamesimama wima, mepesi, mapepe matupu. Wenye tamthilia walishaondoka.

Kwenye mkutano wa kuamua kama Odeta aondolewe, Elias aliwauliza waliopata hasara wanasemaje. Zakayo akasimama, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Mimi... shamba langu ndilo limekufa zaidi. Lakini Odeta asiondolewe. Bila yeye mimi maji..."

"Bwana Zakayo, unatetea mpunga au unatetea moyo?" mtu alidakia. Uwanja mzima ukacheka. Akakaa, masikio yakimwaka moto. Kura zilipigwa. Odeta akapoteza kazi na majaruba yake.

Zakayo alitaka kumpa kipande cha shamba lake alime. Alilipanga neno hilo kwa siku nyingi, na alipolitoa lilitoka lote kwa mkupuo mmoja. Odeta alitikisa kichwa.

"Sio shamba, kaka. Jana Regina alikutana na nyoka pale darajani, akapiga kelele. Unajua jirani yako Apollinarie alisema nini? 'Kamera ziko wapi?' Na hakunyanyuka. Hakuna aliyekimbia. Mimi nitapitaje hapa kila siku, mbele ya Bernadetha?"

Siku hiyo Apollinarie alipokuwa akitania, Zakayo naye alikuwepo, akamtazama kwanza mwenzake ndipo akainuka, na Regina alikuwa ameshamkimbia nyoka mwenyewe.

Odeta aliondoka kwenda kwa kaka yake, kule Mishamo. Bodaboda ilikuwa inanguruma, magunia mawili na godoro yamefungwa nyuma kwa mpira. Zakayo alikuja kusaidia kufunga, na alipomaliza kufunga aliendelea kukazakaza mpira uliokwisha kukazwa. Odeta alipanda, akaliweka sufuria mapajani, akamgusa begani.

"Kaka Zakayo, wakilia huku, wewe kimbia. Wakikucheka, basi wacheke."