Kufagia Kabla ya Kupiga Simu

Nilitoka Mwananyamala asubuhi nikiwa na begi moja, sina ninakokwenda. Nilikuwa nimekaa kwa mtoto wa mama yangu mdogo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na mkewe alikuwa ameshaacha kunisalimia. Asubuhi ile alitenga chai vikombe viwili, cha mumewe na chake, akakaa. Sikumlaumu. Nilikunja shuka nililolalia, nikalirudisha kabatini, nikaaga kutokea mlangoni. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Nimezoea kuondoka hivyo. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kusimama kwenye milango ya watu nikiangalia wanafanya nini. Nimekaa na mafundi simu, na wachomelea mageti, na mzee mmoja aliyekuwa anasuka upya mota zilizoungua. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuwasha.

Nilikuwa nimefika barabara kubwa, sijaamua kulia wala kushoto, simu ikaita. Alikuwa fundi kompyuta tuliyewahi kushirikiana naye meza ya kutengeneza simu, kabla hajaenda chuo akarudi na diploma. Aliniambia kuna seva ya tajiri mmoja Kiwalani inamsumbua tangu jana. Watampigia mtu wa sapoti, msaada wa kampuni iliyouza programu, na fundi alitaka mtu wa kukaa kwenye kibodi wakati yeye anaongea. Kwangu Kiwalani ilikuwa sawa na kwingine kokote. Nikaenda.

Tajiri alikuwa anauza vipuri vya pikipiki kwa jumla. Mbele duka, katikati ghala, nyuma chumba kimoja na choo. Chumba kile alikaa mtunza stoo, mjane wa marehemu kaka wa tajiri. Walikuwa watu wa kusini, na kaka alipofariki, tajiri alimpa shemeji yake funguo za stoo na mahali pa kulala, na kila aliyeingia pale alielezwa wema huo.

Mjane ndiye aliyetufungulia kijichumba cha seva kilichokuwa kona ya ghala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Kama mmekuja kuongeza maneno," alisema, "maneno tunayo."

Fundi alinieleza kwa sauti ya chini tulipobaki wawili. Vipuri vilikuwa vinapungua stoo na tajiri hajui vinapotelea wapi. Akanunua programu ya kufuatilia mzigo, kitu cha kisasa, na tangu jana programu ilikuwa inakataa kuwaka. Jana jioni tajiri alisimama uani mbele ya wapakiaji akasema mashine haikatai yenyewe, kuna mtu hapa ndani ana sababu ya kuiogopa, na mtu huyo anashika funguo. Ikigundulika ndiye aliyeikwamisha, siku hiyo hiyo atazitoa funguo na chumba atahama.

Nikamuuliza kama kweli mama yule anaweza kuharibu seva.

"Mie nijuaje?" alisema. "Mie kazi yangu mashine."

Programu ile haikuja kama programu nilizozijua. Ilikuja kama kompyuta nzima iliyokunjwa ndani ya faili moja kubwa. Unaifungua ndani ya seva, nayo inaishi humo kama mpangaji, ina kumbukumbu yake, diski yake, anwani yake ya mtandao, wala haijui kwamba haina umbo lake. Wenyewe wanaiita mashine pepe. Tajiri alikuwa amelipakua faili hilo nyumbani kwake, kwenye intaneti nzuri, akalileta kwa flashi. Fundi alipoiingiza, ilianza vizuri, ikafika katikati, ikasimama. Akarudia, ikasimama tena. Nilitaka kujua inasimama wapi hasa, inaandika nini. Nilivuta kiti.

Fundi akaniondoa kwenye kibodi kwanza. Kwenye skrini kulikuwa na mashine pepe zilizokwama, moja chini ya nyingine, kila moja na alama nyekundu. Alizichagua akazifuta. Akaingia kwenye folda ya kumbukumbu za seva, zile wanazoziita logi, akafuta za jana. Akaondoa hata vikombe vya chai juu ya meza, akapangusa vumbi kwenye seva kwa kitambaa.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Nafagia," alisema. "Sapoti wakiunganishwa wanaiona skrini yetu yote, mwanangu. Mgeni unamkaribisha sebuleni kuna nguo chafu?"

Ilionekana jambo la kawaida, na mimi mwenyewe sikuliona kosa. Kwetu sote ndivyo tulivyolelewa, mgeni akigonga mlango mtu wa kwanza kukimbia ni mwenye ufagio. Nimeona watu wakioga kabla ya kwenda hospitali hata waliobebwa. Lakini sapoti walikuwa wameshamjibu jana kwa barua pepe kwamba asifute kitu, aache kila kilichokwama kama kilivyo, na yeye alikuwa amemsomea tajiri barua hiyo na kumwahidi kwamba hatafuta kitu. Hilo nililijua baadaye kidogo, wakati halikuwa na faida.

Tajiri aliingia, mtu mnene mwenye harufu nzuri, akakaa kwenye kiti pekee chenye mito. Akamwita shemeji yake asimame mlangoni asikie. Simu ikapigwa, ikawekwa sauti ya juu mezani.

Wa sapoti alikuwa mwanamke, sauti kavu. Hakuuliza habari za asubuhi. Aliuliza seva ni ya aina gani, toleo gani, imetengewa kumbukumbu kiasi gani, faili lilipakuliwa lini, likaletwa kwa njia gani, hatua gani ilikuwa ya mwisho kufanikiwa, na baada ya hapo skrini iliandika nini, neno kwa neno. Fundi akaanza kumweleza kwamba anadhani ni mtandao.

"Usiniambie unavyodhani," alisema yule dada. "Niambie ulichoona."

Fundi alikunja uso. Mimi sentensi ile niliipenda mara moja, ningeweza kukaa na mwanamke huyo siku nzima. Alipojiunganisha, tukamwona mshale wake unatembea kwenye skrini yetu bila mkono, ukifungua folda, ukifunga. Akauliza logi za jana ziko wapi. Akauliza mashine zilizokwama ziko wapi. Fundi akasema labda hazikuhifadhiwa.

Mshale ukaenda mahali nilipokuwa sijapaona, palipoandikwa kila tendo lililofanyika ndani ya seva na nani aliyelifanya. Yeye akasoma kwa sauti ile ile kavu kwamba mashine zilizokwama zimefutwa zote asubuhi hii, na aliyezifuta ni admin, jina la msimamizi wa seva.

"Admin ni nani hapo kwenu?" aliuliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali baya kuliko yote, maana pale admin alikuwa kila mtu. Jina lilikuwa moja na paswedi moja, imeandikwa kwenye plasta na kubandikwa ubavuni mwa seva. Tajiri alikuwa nayo. Fundi alikuwa nayo. Mjane alikuwa nayo kwa sababu yeye ndiye aliyelala pale, umeme ukirudi ndiye wa kuiwasha.

Tajiri hakuhitaji kufikiri. Aligeuza shingo mlangoni.

"Nilisema," alisema. "Nilisema nikaonekana mbaya. Nani amefungua chumba hiki asubuhi? Mtu unamtoa matopeni, unampa funguo, kumbe umefuga nyoka."

Mjane akajibu kwamba yeye amefungua mlango tu, amewafungulia mafundi, hajakaa kwenye kiti kile tangu umeme ulipokatika juzi. Sauti yake haikupanda. Tajiri akamwambia aende akafungashe. Akamtaja marehemu kaka yake, akisema afadhali alitangulia asione aibu hii.

Ndege ilikuwa inashuka uwanja wa jirani. Kiwalani ndege ikipita juu watu hukata maneno, hungoja, kisha huendelea pale pale walipoishia. Tukangoja sote. Nilimtazama fundi, naye akatazama kitambaa alichopangusia vumbi. Nilijua hatasema. Kazi za tajiri yule zilikuwa nyingi, kamera, mtandao wa matawi yote, na alikuwa ameshamwahidi kuhusu ile barua. Mlio ukaisha, naye akaanza kukikunja kitambaa.

"Tumefuta sisi," nilisema. "Asubuhi hii, kabla hujaja. Fundi alikuwa anasafisha ili sapoti wasikute uchafu. Mama hajaigusa."

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha kuwaonyesha wengine nilivyo. Akamwambia tajiri kwamba mimi ni mzururaji tu aliyemwokota barabarani, sijui hata kinachozungumzwa. Kisha akanigeukia.

"We si umelala kwa watu mpaka wamekuchoka? Leo unatafuta mama wa kukupikia?"

Niliinamia simu, nikamwambia yule dada nilichoona kwa mpangilio wake, mashine kwanza, logi baadaye, na kwamba mlango ulifunguliwa kabla ya hapo na aliyefungua akaondoka. Akaniuliza kama aliyefuta alikuwa ameketi kwenye kiti hicho hicho wakati wote. Nikasema ndiyo. Akamwuliza fundi kama ni kweli.

Fundi akapumua. Akasema ni kweli, lakini hakufuta kwa nia mbaya.

"Sijauliza nia," alisema dada wa sapoti. "Ingiza upya. Ikikwama, asiguse mtu yeyote."

Tukaingiza upya. Ikafika katikati, ikasimama, ikaacha alama yake nyekundu, na safari hii ikabaki pale na aibu yake yote. Fundi alipiga picha ya skrini, akakusanya logi zote kwenye kifurushi kimoja, akamtumia. Wakati tunangoja, tajiri alichezea simu yake. Mjane hakuondoka mlangoni, ingawa aliambiwa akafungashe.

Jibu lilikuwa jepesi mpaka likakera. Kila faili la namna ile huja na alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na faili likipungua hata kidogo alama inabadilika. Ya kwetu haikulingana. Faili lilikuwa halijakamilika tangu lilipoingia kwenye flashi. Mtu alichomoa flashi kabla nakala haijaisha. Dada wa sapoti akatuelekeza tupakue upya, tulinganishe alama kabla ya kuingiza, akafunga tiketi ya malalamiko yetu, akakata simu bila kutuaga.

Hakuna aliyemwuliza tajiri nani alichomoa flashi nyumbani kwake. Niliona swali likizunguka chumba kizima, likapita kwa kila mtu, na hakuna aliyelichukua.

Tajiri alisimama, akavuta suruali juu. "Basi, shemeji," alisema, sauti imelainika. "Mambo yamekwisha. Rudi stoo, wateja wanangoja."

"Yamekwisha wapi?"

"Si umesikia? Faili ndilo bovu."

"Nimesikia mie. Wapakiaji hawajasikia," alisema mjane. "Jana umeniita mwizi uani, watu wamejaa. Leo unaniita shemeji chumbani, mlango umerudishwa. Twende nje ukaseme hayo hayo."

Tajiri akamwambia mambo ya ukoo hayatolewi uwanjani. Mjane akamwambia ni yeye aliyeyatoa. Walisimama hivyo, na mimi nilidhani atatoka, ni hatua chache tu, aseme maneno machache kwa vijana waliokuwa wanapakia matairi na hata hawakuwa wanamsikiliza sana. Tajiri akatazama saa yake. Akasema ana kikao.

Mjane akafungua pindo la khanga, akatoa funguo, akaziweka juu ya seva.

Fundi aliniambia nisimpigie simu tena, akanitajia na sababu, na baadhi zilikuwa za kweli. Nikatoka. Uani nilimkuta mjane anakokota godoro peke yake huku wapakiaji wakitazama matairi yao kwa bidii. Nikashika upande wa pili. Hakunishukuru wala hakunizuia. Vitu vyake vikajaa kwenye guta moja, mkokoteni wa magurudumu matatu: godoro, ndoo, jiko la mkaa, sanduku la bati, na kinyago cha mpingo ambacho, alisema alipoona nakikagua, mumewe alikichonga kabla hawajaja Dar. Nikauliza mpingo mgumu hivyo hukatwa na kitu gani. Akaniambia ninyamaze nisukume.

Tulisukuma mpaka Kinyerezi, tukipumzika njiani kila kivuli. Huko alikuwa na shoga yake mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha, mwalimu mstaafu kutoka bara, aliyetulaki getini mikono kiunoni. Mjane alipewa chumba kabla hajamaliza kueleza. Kisha mwalimu akanigeukia mimi na begi langu.

"Huyu nani yako?"

"Si mtu wangu," alisema mjane. "Alikuwepo."

Mwalimu akataka kujua natoka wapi, nafanya kazi gani, kwa nini sina vyombo, na huko nilikotoka niliondoka au niliondolewa. Nilimjibu yote. Kila jibu lilimkunja uso zaidi.

Mjane alikuwa anaingiza ndoo ndani. Alisimama kizingitini.

"Usidhani nina deni na wewe," aliniambia. "Ulinyamaza mpaka akaniita mwizi mara ya pili. Ulikuwa unangoja nini, ndege?"

Akaingia. Mwalimu akatoa ufunguo mmoja mfukoni mwa gauni. Kulikuwa na chumba cha nyuma, alisema, bado hakijapigwa plasta, na dirisha lina wavu tu. Choo kile kule. Maji ni ya kununua, kila mtu na dumu lake. Wageni hawalali. Na yeye hapendi mpangaji mwenye maswali mengi, ameuliza maswali darasani miaka yote, amechoka nayo.

Nikapokea ufunguo, nikashusha begi kwenye sakafu ya saruji mbichi. Kutoka ng'ambo kulikuwa na mvumo mzito usiokatika, kama mashine kubwa mno imefungiwa mahali. Nikamuuliza ni nini kile kinachovuma.

Mwalimu alifumba macho kidogo. Akasema ni mitambo ya umeme wa gesi, akaenda zake.