Uji wa Hyasinta

Mwaka ule wa 1954 mafundi cherehani wa baraza za Kariakoo walikuwa wanaume watupu, isipokuwa Celina. Alifundishwa kushona na masista huko kwao Kilimanjaro, na mshono wake haukufumuka ovyo. Alishonea mbele ya duka la vitambaa la Ramniklal, bintiye Hyasinta wa miezi kumi akiwa kwenye mkeka miguuni pake.

Mumewe, Melkiori, alikuwa karani wa ghala. Aliacha kazi siku alipoambiwa ahesabu magunia akiwa amesimama. Tangu hapo, asubuhi anajipaka mafuta, anafunga tai, anakwenda kukaa kwa kinyozi na gazeti la juzi. Jioni anarudi kulalamika kwamba mchuzi mwepesi, na kwamba mke wa karani kukaa barazani akikanyaga cherehani ni aibu kwa ukoo. Mchuzi wenyewe aliumaliza, akapangusa na sahani.

Wiki ya komunyo ya kwanza Celina alikuwa na magauni meupe kumi na mawili ya kumaliza kabla ya Jumamosi alasiri. Hyasinta alikuwa akiota meno, analia kutwa. Ijumaa Ramniklal akasema, "Mama, kesho wateja wanakuja kujaribu magauni. Mtoto abaki nyumbani, siku moja tu."

"Sawa, tajiri."

Asubuhi akamwachia Melkiori mtoto, nepi sita zilizokunjwa na uji ndani ya bakuli lililofunikwa. "Akiamka mlishe. Akijichafua mbadilishe. Saa tisa nitarudi."

"Mimi mwanamume," Melkiori alisema.

"Hilo halimzuii mtu kushika kijiko."

Saa nne na nusu Melkiori akatokea barazani, tai shingoni, amemshika mtoto mbali na shati lake kana kwamba amebeba samaki aliyeoza. Dukani walikuwamo akina mama watatu na mabinti zao.

"Mwanao amejinyea," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Amekula?"

"Uji ulikuwa unapoa. Nikaunywa."

Celina akamtazama. Alidhani amekwisha kumdharau mtu huyu mpaka mwisho. Kumbe bado ilikuwapo nafasi. Alimpokea mtoto, akakunja gauni la tisa, akainuka.

"Tajiri, naenda kumlisha mwanangu. Yamebaki matatu."

Ramniklal akatoka mbio nyuma ya meza yake. "Saa hizi, mama? Wateja niwaambie nini?"

"Mkalishe huyu. Ana tai."

Mmoja wa wale akina mama akacheka kwa pua. Melkiori akaitazama cherehani, akawatazama watu, akasema kuna mtu anamngojea, akaondoka.

Aliyeokoa siku ni Indumati, mke wa Ramniklal, aliyekuwa akisikiliza yote kutoka ngazini. Alimchukua mtoto, akamwosha uani, akamlisha wali uliopondwa kwa maziwa, kisha akafunga kitambaa kipana kwenye boriti ya stoo, kikawa bembea kama ile aliyowalelea wanawe.

"Wangu naye hajui mtoto anashikwa wapi," alimwambia Celina, mbele ya mumewe.

Ramniklal akajifanya anapima kitambaa. Magauni yakaisha saa tisa kasorobo.

Bembea ikabaki pale pale. Celina hakujidanganya kwamba tajiri ameingiwa na huruma. Tajiri aliogopa tu fundi wake asije akahamia duka la jirani. Shukrani zake zote Celina alimpa Indumati. Hyasinta alikulia stoo ile mpaka akatembea, na mdogo wake Aristides akafuata.

Nyumbani, Celina hakumwomba tena Melkiori jambo lolote. Hakumwambia anakokwenda wala saa ya kurudi. Alipakua chakula, akamsogezea, basi. Wageni walipofika kutoka Kilimanjaro, Melkiori aliwaeleza kwamba amemruhusu mkewe afanye kazi, maana dunia inabadilika, na kwamba tangu alipomkomesha siku moja mbele za watu, mwanamke amekuwa na adabu, hasemi neno.

Celina alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alisikia, akaendelea kumenya.