Makofi ya Bwana Bakari

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Hebu iweke hiyo simu chini kwanza. Nimeiona video yako ya yule mama wa samaki pale Ukunda, alivyoanguka na beseni lake. Umecheka, na wenzako wamecheka. Mimi nimechoka, sina nguvu za kugomba. Nitakusimulia tu.

Ujana wangu wote niliupuliza ndani ya tarumbeta. Bendi yetu ilikuwa ya watu kumi na wawili, tarumbeta, saksafoni, magitaa na ngoma, tukizunguka kwa lori kutoka Msambweni hadi Taru. Lakini watu wengi walimjia Bwana Kikoti, mchekeshaji wetu aliyesimama mbele, kikoti kimembana hata vifungo vyataka kukatika. Akisema neno moja, watu hoi, nasi twapiga. Akiinua kidole, twanyamaza. Nilimwonea wivu, sikufichi. Nilijiona mimi ndiye nitokaye jasho na yeye ndiye atajwaye.

Alikuwa na desturi moja. Tukifika mahali, sisi twashusha vyombo, yeye huyoo, kwenye baraza la kahawa. Ataketi na wazee tangu asubuhi hadi adhuhuri, akiuliza nani kafiwa, nani mgonjwa, nani kapatwa na nini. Tukimteta. Mimi nikisema, mzee huyu mvivu, apenda kahawa na umbeya.

Basi Jumapili moja tukaenda Ramisi kuwapigia wakata miwa dansi la alasiri. Njiani Bwana Kikoti akashikwa na homa. Tulipofika alikuwa amelala ndani ya lori, atetemeka chini ya blanketi. Akaniita.

"Leo simama wewe mbele. Lakini nenda kahawani kwanza."

"Inshallah, mzee," nikamjibu.

Sikwenda. Nilikwenda kuazima kioo nijitazame.

Wallahi, mwanangu, siku ile nilichekesha! Watu walishika mbavu. Ila safu ya mbele aliketi bwana mmoja na mkewe, kavaa kanzu safi, na kila watu walipopiga makofi yeye katulia tuli. Nikaona huyu ananitia aibu. Nikainua kidole, bendi ikanyamaza, nikamwelekea.

"Bwana wewe! Makofi hayauzwi hapa. Au mikono umeisahau nyumbani?"

Hakucheka mtu. Yule bwana akauinua mkono wake wa kushoto polepole, mkono wa kanzu ukateremka hadi kwenye kiwiko. Kiganja hakipo. Mkewe akamshika bega, wakainuka, wakaenda zao. Lahaula! Nilitia tarumbeta mdomoni na pumzi hazikutoka.

Asubuhi yake Bwana Kikoti, na homa yake, alinishika mkono tukaenda kumtafuta. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Muuza kahawa ndiye aliyetuonyesha njia, akatuambia na lile ambalo ningelijua jana kwa kikombe kimoja tu: mwenyewe aitwa Bakari, panga la miwa lilimteleza, kidonda kikaoza, mkono ukakatwa.

Bwana Bakari alitupokea vizuri, mpaka nikaona haya zaidi. Akatukaribisha mkekani. Nikamwomba radhi, machozi yananitoka.

"Nimekusamehe, kijana, Mungu shahidi," akasema. "Tangu nikatwe mkono sikutoka nje, naona haya watu. Mke wangu kanibembeleza juma zima. Aniambia, twende, yuaja yule mpiga tarumbeta wa Msambweni unayempenda. Jana nilikuja kwa ajili yako. Lakini ngomani sirudi tena."

Kwa ajili yangu, mwanangu! Mimi niliyekuwa nikilia kwamba hakuna anijuaye.

Tukaaga, tukarudi. Karibu na lori ndipo Bwana Kikoti aliponiambia, "Kuuliza si ujinga. Kahawa yenyewe yaniumiza tumbo. Naenda pale kujua pa kutogusa."

Bendi ile ilidumu miaka, na kila tuliporudi Ramisi nilianza kwa kuitazama safu ya mbele. Hakuja. Msamaha nilipewa, mtu mwenyewe sikumrudisha. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingalipona zamani.

Sasa yule mama wa samaki, wamjua jina? Umemwuliza imekuwaje akaanguka, kama alikuwa mgonjwa, au kama amekula tangu jana? Hujui, nawe umeshampeleka kwa watu wote. Utani ni kitu kizuri, mwanangu, mimi umenilisha. Lakini hutaniwa mtu umjuaye, tena akiwa na nafasi ya kukujibu. Usiyemjua mwamkie kwanza, uulize habari zake, ukae usikie. Pengine utakapomaliza kusikia hutataka tena kucheka.

Ifute hiyo video. Na kesho asubuhi nenda Ukunda ukamwambie shikamoo, umwombe radhi kabla hajaona haya kurudi sokoni. Tutakwenda sote, ijapokuwa magoti haya hayanitaki tena.

Mungu akupe ulimi wa kufurahisha watu, na kabla ya ulimi akupe masikio. Akuepushe na mzigo huu wangu, usije ukazeeka nao. Amin.

Haya, nipe mkono niinuke.