Alumini Haiwi Nyekundu

Mashine ya baba ya kuchomelea ilikuwa na mlio wa dagaa wakikaangwa kwenye mafuta mengi, na mpaka leo nikiusikia mlio huo jikoni kwa mtu, natoka nje. Tulikaa Kitaji, Musoma, na karakana yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba. Mtaani walimjua kwa mageti na grili za madirisha. Mashine hiyo ya waya aliinunua ikiwa mtumba, akaipenda kupita kiasi: waya ulijisukuma wenyewe kutoka kwenye roli, ukapita ndani ya kebo ndefu, ukatokea kwenye mpini aliokuwa ameushika. Mama alimtania kwamba ingekuwa mke mwenza angeshaifukuza.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, akawa anatembelea magongo mawili ya alumini. Bibi, mama yake mzazi, aliishi Butiama na hakuwa amemwona tangu akatwe. Kwenye simu mama alimwambia kila mara kwamba anatembea vizuri tu, asihangaike. Kisha bibi akaugua, akaacha kula, akaomba aletewe binti yake. Safari ikapangwa Jumamosi. Alhamisi gongo moja likakatika kwenye matundu ya kurefushia, na mama akaanguka uani kwa kishindo tulichokisikia wote. Majirani walijitolea kwenda naye na kumbeba. Alikataa katakata.

"Siingii kwa mama nimebebwa," alisema. "Akiniona hivyo atajua nilikuwaga namdanganya, atakufa na uchungu huo."

Alitaka gongo lipelekwe kwa fundi mmoja wa Bunda aliyezoea alumini. Baba aliumia, nilimwona usoni. "Nipe kesho tu, Mama Wakuru," alisema. "Utaingia mwenyewe."

Ukweli ni kwamba baba hakuwahi kuchomelea alumini. Ijumaa asubuhi aliazima mtungi wa gesi na roli ya waya laini, akaokota vipande vya fremu za madirisha vya kujifunzia. Akafunga turubai upande wa ziwa, maana upepo ulikuwa unapeperusha gesi inayokinga kiungo kisiingiwe na hewa. "Chuma kinakuonya," alinieleza, "kinakuwa chekundu kwanza. Hii alumini haiwi nyekundu. Inakuangalia tu, halafu inayeyuka." Waya wake nao ulikuwa laini mno, kebo ikikunjika kidogo, unakwama humo ndani. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake, nimeipa kazi mgongo ili mwanga usiniumize macho, nimeibeba kebo begani ikiwa imenyooka. Vipande vinne vilishika vizuri. Nilijiona mtu mkubwa.

Alasiri ikafika zamu ya gongo lenyewe. Nje ya turubai wasichana wenzangu walikuwa wanacheza rede, nikasikia wanabishana kama mmoja wao amepigwa na mpira au hakupigwa. Niligeuka nichungulie. Bega likashuka, kebo ikakunjika, waya ukakwama na moto ukazimika. Nilinyoosha kebo haraka kabla baba hajageuka. Akakata ncha iliyoganda, akawasha tena palepale, juu ya bomba ambalo tayari lilikuwa na joto kupita kiasi. Likamomonyoka kama uji unaodondoka mwikoni.

Baba alivua kinyago, akaliangalia muda mrefu. Alipotoka nje alimwambia mama, "Mkono wangu umechelewa." Nilikuwa nimesimama pale nikisikia, na sikusema kitu. Mama hakufoka. "Nilikwambia Bunda," alisema, akageuza uso.

Safari ya Jumamosi ikavunjika, na magongo mengine yalipatikana Jumanne. Bibi alikuwa amefariki Jumapili. Mama aliingia mwenyewe uani kwa bibi, bila kushikwa na mtu, kama alivyotaka, akalikuta jeneza. Tangu hapo hakumpa baba kitu cha kutengeneza, hata mpini wa sufuria. Vilivyoharibika alivipeleka kwa mafundi wengine huku baba akimwona. Utani uliisha nyumbani kwetu. Walizungumza kuhusu chakula na ada za shule, basi. Mara nyingi nilitaka kusema, nikaogopa, na jinsi nilivyozidi kukua ndivyo woga ulivyozidi kunitia aibu. Baba alifariki akiamini kosa lilikuwa la mkono wake.

Siku hizi naishi Bunda. Karibu na kwangu kuna fundi ambaye mashine yake ina roli ndogo juu ya mpini wenyewe. Waya wa alumini unasafiri shibiri moja tu, na hahitaji mtoto wa kumshikia kebo. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Wiki hiyohiyo nilipanda gari kwenda Kitaji, nikamkuta mama anachambua mchele, nikamweleza yote.

Mchele ulibaki kwenye ungo.

"Ungesema, Wakuru," alisema mwishowe. "Ungesema akiwa hai. Nimemnunia mwenzangu bure."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Maisha yao yote pamoja alimwita Baba Wakuru. Siku hiyo nilimsikia akimwomba msamaha kwa jina lake.