Mkia Juu ya Majani

Mwanangu unayejiandaa kuwa daktari wa mifugo, ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninaponusa mahindi mabichi. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Kwamsisi katikati ya masomo ya uzamili ya tiba ya mifugo, nikiwa na maswali mengi kuliko majibu. Mjomba alinisubiri shambani, kando ya dungu, lile jukwaa la kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Mbwa wake, Tabu, alikuwa amezaa tena. Mjomba alikwisha kunoa kisu na kukoka moto, kwani desturi ilikuwa kukata ncha ya mkia wa mtoto wa mbwa, kuichoma, kisha kumlisha mtoto huyohuyo ili awe mkali.

"Mpwa wangu, leo ukate wewe uliyesomea," alisema, akinipakatisha mtoto mmoja. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

Nilimweleza kwamba mkiani mna mifupa na mishipa ya fahamu, na kwamba ukali hautoki huko. Kisha, kwa pupa ya kusaidia, nikaongeza kuwa ni heri nimtoe Tabu kizazi, maana kuzaa mfululizo kulikuwa kumembakiza mbavu tupu.

Mjomba akacheka. "Kumbe daktari anachagua. Mkia unauonea huruma, kizazi unakitupa?"

Sijaulizwa darasani swali gumu kuliko hilo. Yule mtoto, asiyejua anachojadiliwa, alinipigapiga kifuani kwa mkia.

"Kizazi namtoa apate nafuu yeye," nilisema hatimaye. "Mkia tunaukata turidhike sisi."

"Na nguruwe akimng'ata huo mkia?"

"Nitamtibu, Mjomba. Siwezi kukuapia kwamba hatang'atwa."

Mjomba akarudisha kisu alani. "Basi, nawaacha na mikia yao. Wakiwa waoga, utawalisha wewe."

Tabu tulimtoa kizazi, akanawiri. Msimu uliofuata Mjomba alinipigia simu kutoka dunguni, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Majani yamempita kimo yule uliyempakata. Naona mkia tu. Ukisimama wima, najua nguruwe yupo hapo." Hakukata mkia tena. Leo ametangulia mbele ya haki, nami nikipita kwenye mahindi yaliyorefuka, macho bado huutafuta mkia ule.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwa hiyo kabla hujakata, jiulize kisu kinamtumikia nani. Uchungu ukiwa wa mnyama na raha ikiwa ya mwenye mnyama peke yake, kirudishe alani. Mara nyingine faida huchanganyika, nami hadi leo huzipima nikakosa usingizi. Hapo sema wazi usilolijua, wala usiape. Mwenyezi Mungu akujalie mkono mwepesi wa kutibu, mzito wa kukata.