Siku Nilipomgeuzia Mama Mkwe Mgongo Mbele ya Mataifa

Jamani, hili jambo nilijiapiza nitazikwa nalo, lakini kwa kuwa Shelui nzima wanalisimulia, tena wanaongeza chumvi kwenye kitu ambacho chumvi yake ilishajaa tangu mwanzo, acha nilisimulie mwenyewe, angalau niaibike kwa usahihi.

Mimi kazi yangu ni kuziba pancha za malori pale barabarani, na jirani kabisa na banda langu kuna meza ya pool, sasa piga hesabu mwenyewe, siku ambayo malori yote yamepita na matairi mazima mimi nafanya nini? Nikacheza, nikacheza, mpaka nikawa mtu wa kuogopwa. (Ile meza imeinama kidogo upande wa mlango na mimi tu ndiye niliyekuwa naijua siri yake, lakini hayo tuyaache.) Basi mwaka huu yakatangazwa mashindano ya kimataifa pale Singida Mjini, wanakuja Wazambia, Waganda, Warundi, na mkoa unatoa wachezaji wake, na mimi nikapita kwenye mchujo. Neema, mchumba wangu, ambaye ni fundi cherehani, akanishonea kizibao cheusi na suruali nyeusi, nikajitazama kwenye kioo nikajiona waziri.

Tatizo lilikuwa wazazi wa Neema, kule Mgori. Barua ya posa nilishapeleka, majibu yalikuwa yatolewe Jumapili ya wiki inayofuata baada ya mashindano, na baba yake, Mzee Yohana, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, alishawahi kusema mbele yangu, bila kujua nacheza, kwamba pool ni mchezo wa watu wasio na shamba. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nampenda yule binti kuliko hiyo pool, nataka mlijue hilo kabla hamjanicheka.

Sasa siku ya Jumatano mama yake ananipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi una nafasi? Nina mizigo ya kupeleka mjini, ungenishika mkono."

Hapo ndipo nilipofanya kale kauamuzi kadogo. Ningeweza kusema nina kazi, nikakaa kimya. Mimi nikasema, "Mama, Jumamosi nina semina ya kilimo cha alizeti." Akafurahi yule mama, akanibariki kwenye simu, akampa na mzee simu naye akanibariki, nikaambiwa kijana wa kujiendeleza ni adimu siku hizi. Sikuuliza hiyo mizigo ni ya nini na inakwenda wapi. Hata leo nikikumbuka kwamba sikuuliza, huwa nataka kujipiga kofi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa, mtangazaji na kipaza sauti chake, meza imenyooka kama maji ya ziwani (nikaiogopa), na mimi nimepangwa na Mzambia mmoja mrefu, mpole, anaitwa Mwansa. Anayetangulia kushinda michezo mitano anasonga mbele. Sijui niliingiwa na nini siku ile, tukafika nne kwa nne, na kwenye mchezo wa mwisho mimi na Mwansa tukamaliza mipira yetu yote, ukabaki mweusi wa kumalizia, umekaa mdomoni kabisa mwa shimo la kona, hata bibi yangu angeupuliza ungeingia. Rafiki yangu Juma alishaanza kulia kwa furaha. Nikapaka chaki ncha ya fimbo, nikasogea upande wa mlangoni, maana mpira mweupe ulikuwa huko, na ndipo nikasikia mtu anasema, "Karibuni akina mama, wekeni hapo hapo, wageni watakula mchezo huu ukiisha."

Nikageuka. Mama Neema, na wenzake wa kikundi, na mahotipoti ya kuku wa kienyeji. Kumbe kikundi chao ndicho kilichopewa kazi ya kuwapikia wageni.

Macho yetu yakagongana. Sasa wewe ungefanyaje? Kwetu mkubwa akitokea unasalimia, awe mkwe ndiyo usiseme, basi nikaweka fimbo chini, nikaenda mpaka mlangoni, nikainamisha kichwa, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba" kwa sauti ambayo sikuielewa, na kwa kuwa alikuwa na wenzake watatu ikabidi niwasalimie mmoja mmoja, na mmoja wao akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu. Mwamuzi akaita, "Mchezaji, rudi mezani! Sekunde thelathini!"

Nikarudi, nikainama nipige. Halafu akili ikaniambia: wewe, umemwelekezea nini mama mkwe?

Nikasimama wima kama nimeumwa na nge. Haiwezekani! Mtu anayesubiri jibu la posa hawezi kumbinulia mama wa binti makalio, tena ndani ya suruali ambayo binti mwenyewe kaishona ya kubana. Nikazunguka meza, nikajaribu kutokea upande wa pili, nikalala juu ya meza kwa tumbo, miguu ikaning'inia, mwamuzi akanionya kwamba mguu mmoja lazima uguse sakafu. Nikachuchumaa, nikabaki macho tu juu ya ukingo. "Mabibi na mabwana," mtangazaji akapaza sauti, "kijana wa Shelui anaisoma meza!" Watu wakapiga makofi. Mwansa wa watu akaanza kutokwa jasho, akidhani kuna ufundi hapo.

Nikamwita Juma. "Simama nyuma yangu unizibe, mama Neema yuko pale." Juma ni mwembamba, hawezi kuziba hata ufa wa mlango, lakini alikuwa amekuja na bendera ya taifa ya kushangilia, basi akaitandaza nyuma yangu, mikono juu, kama pazia. Wazo zuri kabisa, isipokuwa watu walipoona bendera imetandazwa, mzee mmoja akasimama akavua kofia, mwingine naye akasimama, mtu akaanzisha wimbo wa taifa, na ukumbi mzima ukapokea. Mwamuzi akasimama wima, saa mkononi. Mwansa wima. Mimi wima, fimbo begani kama askari. Tuliimba beti zote.

Wimbo ukaisha, nikainama haraka, nikalenga. Kumbe mama Neema kule nyuma pazia lilikuwa linamzuia kuona, na yeye naye alishapata hamu ya kujua huyu mkwe wake anafanya nini hasa. Akaja, akainua pindo la bendera, akachungulia. Yaani pale pale penyewe.

"Kumbe ndiyo semina yenyewe hii?"

Mkono ukashtuka. Mpira mweupe ukagonga ukingo wa mbele, ukaruka kurudi nyuma, ukapita juu ya bendera, juu ya Juma, ukatumbukia kwenye hotipoti ya mchuzi ambayo akina mama walikuwa wamekwisha kuifunua. Mama Neema akarudi polepole, akauopoa kwa upawa, akaufuta kwa khanga, akamkabidhi mwamuzi kwa mikono miwili. Mwansa akaupiga ukiwa bado unanukia vitunguu, mweusi ukaingia, na mashindano yangu ya kimataifa yakaishia hapo. (Baadaye alikula ule mchuzi sahani tatu.)

Kushindwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni ile wiki nzima ya kumngoja Mzee Yohana. Jumapili tukaenda na baba mdogo, mshenga wangu, nikaitwa ndani, nikakaa nikitazama vidole vya miguu. Mama Neema akasema, "Huyu mtoto kanidanganya, hilo halina mjadala. Lakini nimemwona kwa macho yangu akikubali kushindwa mbele ya mataifa kuliko kunivunjia heshima. Mimi sina kinyongo."

Mzee akakohoa. "Mimi nilisema pool ni mchezo wa watu wasio na shamba," akasema. "Basi tumpe shamba. Ekari mbili za alizeti. Akivuna, tutapanga harusi."

Kwa hiyo semina ninaifanya sasa, kwa vitendo, hapa Mgori, na nimeapa kwamba nikilazimika kudanganya tena nitataja kitu ambacho hakilimwi. Jembe halina shida, nimelizoea. Shida ni kwamba kupalilia ni kuinama, na mama Neema kila jioni huja kukagua shamba, analizunguka taratibu pembe hadi pembe, na mimi huku katikati, jembe mkononi, nageuka naye kidogo kidogo, kama alizeti inavyolifuata jua.